Naomba ushauri: tuchangishe vipi pesa za intaneti ya mtaa?

Hamjambo wanachama. Hapa Nyalenda, Kisumu, tuko vijana wa kujitolea tunaoendesha intaneti ya jamii. Tunalipia laini moja ya faiba, kisha tunaisambaza kwa antena kutoka paa hadi paa. Hakuna anayepokea mshahara.

Kinachotusumbua ni gharama za kila mwezi. Bili haingoji, tokeni za stima ni juu yetu, na mvua za masika zikianza maji hupenya kwenye viungio vya nyaya, vinaota kutu ya kijani na upande mzima wa mtaa unakatika. Jioni utakuta wanafunzi wameegemea ukuta wa kanisa tulipofunga ruta, daftari magotini, watatu kwa simu moja. Hao sitakubali wafungiwe nje.

Wenzangu wengine wanataka tuuze vocha za siku. Mimi naona wenye maduka na vibanda vya M-Pesa watoe zaidi, kila nyumba ichange kidogo kama kwenye chama, na wanafunzi wasilipe. Harambee itanunua vifaa, sawa, lakini baada ya miezi mitatu bili italipwa na nani?

Tena kuna usajili. Mamlaka ya Mawasiliano ina leseni ya mitandao ya jamii, na kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Kwa mliopitia njia hii, tuanze na kipi ndipo wafadhili watusikilize? Na michango ya kila mwezi mliidumishaje bila watu kuchoka?