Jointi ya CV yenye gololi nane: nimepigwa?

Dere_Rongai: Wakuu, niko Kirinyaga Road, Nairobi, kwa wauza spea. Jointi ya CV ya nje, ile inayozungusha gurudumu hata likiwa limepinda, inalia ka-ka-ka nikikata kona. Ya zamani ina gololi sita. Ninayouziwa ina nane, ndogondogo, na mkononi ni nyepesi. Feki?

Grisi_Kucha: Si lazima iwe feki. Mzigo ukigawanyika kwa gololi nane, kila moja yaweza kuwa ndogo, basi hata kikombe kinachozibeba kinapungua kipenyo na uzito. Ila hesabu kwanza meno ya shafti yanayoingia kwenye jointi, yalingane. Mimi nilirudi hapo Grogan (Kirinyaga Road) mara mbili kwa jino moja tu!

Mama_Spana: Kweli, wepesi si ufeki: hata shafti nyingine huwa na uwazi katikati. Msokoto hulemea zaidi chuma cha nje, cha ndani hubeba kidogo.

Dere_Rongai: Meno 26 kote. Naongeza buti mpya, mpira wa kufunika jointi, hii imepasuka imejaa mchanga.