Romani ya historia ikikosea kitu chenye unakijua vizuri, munaendeleaka kusoma?

Riziki_Ibanda

Salamu bandugu. Niko nafanya kazi mu duka ya kahawa hapa Bukavu, mwaka wa tatu sasa. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja wateja wanakuwaka wachache, nikisha kupanguza mashini ninakaa nyuma ya kontwari na romani yangu. Napenda zile za historia, zenye zinakuingiza mu nyumba ya watu wa zamani unaona vile walikuwa wanapika, wanavaa, wanaogopa nini.

Wiki yenye imepita nilikuwa na moja, hadithi iko Milano mwaka 1912, niliipenda mpaka nikachelewa kufunga duka. Nikafika fasi kijana ananunulia binti espresso, mwandishi anaeleza ile povu nzito ya rangi ya asali, sukari inakaa juu yake kwanza ndio inazama. Nikafunga kitabu. Ile povu ndio kazi yangu, naiangalia kikombe kwa kikombe, na mu 1912 haikuwako! Mashini za wakati ule, za aina ya ile Luigi Bezzera alisajili mu 1901 palepale Milano, zilikuwa zinasukuma maji kwa mvuke, presha haifiki hata bar 2, leo tunatumia 9. Povu ilikuja na mashini ya mukono ya Achille Gaggia, kisha vita ya pili, karibu 1948. Tangu hapo kila kitu mule natilia mashaka, nguo, barabara, hata mapenzi yao. Nyie inawaharibiaka kitabu ao munapita tu?

Mwalimu_Himbi

Dada Riziki, mimi nafundisha historia hapa Goma. Kosa ikikaa mu kikombe napita. Lakini kama hadithi yote imesimama juu yake, basi. Ukisoma London ya 1600 na watu wako mu nyumba ya kahawa wanapanga kuua mfalme, hakuna kitabu tena hapo, juu ya kwanza London ilifunguliwa 1652.

Kijana mmoja aliniletea hadithi yake, mama anashuka mashua mwaka 1940 anasoma kibao: Bukavu. Nikamwambia ile miaka Wabelgiji waliita mji Costermansville. Akarekebisha na sura ikawa nzuri kushinda mwanzo, juu sasa kibao kinasema yake na yule mama mdomoni anaendelea kusema Bukavu.

wa_Katuba

Miye naona kosa kubwa haiko povu. Mu zile romani kahawa inafikaka ku meza yenyewe. Nani aliileta?? Nkambo yangu alikuwa boy ya bazungu hapa Lubumbashi, wakati ingali Elisabethville, alikuwa anaamuka saa kumi ya usiku kuwasha moto juu ya kahawa ya bwana, na siri zote za ile nyumba alikuwa anazijua. Mu 1965 maboy ba zamani ba hapa balitosha historia ya mji kwa Kiswahili yabo benyewe, André Yav ndiye aliiandika, inaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Tafuta ile dada, ni mji wenye unaangaliwa kutoka ku jikoni.

Mtoto_wa_Kalehe

Papa yangu alikuwa na mibuni Kalehe. Miaka ya vita kahawa haikuwa na bei huku, wababa walikuwa wanapakia magunia mu mitumbwi usiku wanavuka ziwa kwenda kuuzisha Rwanda, na wengi walizama. Mama alikuwa anaacha taa ku dirisha, asubuhi anashuka ku maji anahesabu mitumbwi yenye imerudi. Mimi ya Milano naisamehe. Ya ziwa Kivu sitasamehe, mwandishi akikosea hata mwezi wa mavuno nitaumia, juu wenye walikuwa mule wangali wazima, na wajane wa wenye walizama tuko nao ku kanisa kila siku ya mungu.

Riziki_Ibanda

Mwalimu, ile ya kibao nimeisomea wenzangu wote hapa kazini. Kaka wa Katuba, jana nilirudia ule ukurasa wa espresso kuangalia nani alileta kikombe. Kuko mutu, mstari mmoja, hana jina, hana hata uso.

Mtoto wa Kalehe, pole sana ndugu yangu. Kila asubuhi nafungua magunia ya kutoka kwenu, naingiza mukono mule naisikia harufu, na hiyo ya mitumbwi hakuna mwenye alikuwa amenielezea. Ile taa ya mama ilikuwa ya chupa ao ya kopo? Nataka kujaribu kuandika kitu na sitaki kuikosea.

Mtoto_wa_Kalehe

Ya kopo ya nyanya. Utambi ulikuwa kipande cha shati ya papa.