Mjadala: Mwani wa Zanzibar umewainua wanawake wa pwani au umewafunga?

Hoja iliyopo: kilimo cha mwani wa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu za Ufilipino. Wakulima wengi ni wanawake, katika vijiji ambavyo fedha yao ilitokana na kusokota kamba za usumba. Je, soko hili la ng'ambo limeleta maendeleo, au limevuruga mila na kuacha utegemezi?

Bamvua: Limeinua. Mama analipa ada na madaftari bila kusubiri mkono wa mtu, na dini haikuvunjwa. Suratun Nisaa, aya ya 32, inawapa wanawake fungu katika walichokichuma. Pesa ya mwani ni yake. Chakula, nguo na makazi bado viko juu ya mume.

Mwalimu wa Chuoni: Ndugu Bamvua, aya umeitaja vyema, lakini majumbani hali ni nyingine. Mke akianza kupata, wako waume wanaoacha kutoa matumizi kimyakimya, na mke anabaki na shamba baharini na nyumba mgongoni. Hilo Wazungu hawakutuletea. Ni letu, na lisemwe kwenye khutba.

Kamba na Taitai: Sheikh, nakubali, ila tuingie kwenye hesabu. Kamba ya mita 4 au 5 baina ya vigingi viwili, taitai (kikamba cha kufungia mche) kila sentimita 20 hivi, kila taitai mche wa gramu 100. Kupanda hadi kuvuna ni wiki 6. Kilo 7 au 8 mbichi zikikauka inabaki kilo 1. Mnunuzi huleta kamba na taitai bure, kwa sharti kwamba mazao auziwe yeye. Hapo ndipo mkulima anapofungwa: bei anaitaja mnunuzi, naye anafuata kiwanda cha nje kinachotazama Indonesia na Ufilipino wamevuna kiasi gani.

Kisha iko aina ya mwani: kotonii na spinosamu. Kotonii hutoa utomvu mgumu na bei yake ni kama mara mbili ya spinosamu. Lakini kwenye kina kifupi maji yakipita nyuzi joto 30 kwa siku kadhaa, matawi yake hupauka, yakalainika na kukatika. Tangu miaka ya 2000 vijiji vingi vimeipoteza, vimebaki na spinosamu ya bei ndogo. Joto hilo halikutoka Jambiani.

Bahari Kuu: Kotonii bado inastawi kwenye kina cha mita 2 na zaidi, penye mkondo, kwa kamba zinazoelea au nyavu za mrija (wavu ulioshonwa kama bomba, mwani ndani yake). Mila inabana hapo hasa: wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea, na vyombo ni vya wanaume. Buibui likilowa halimwachi mtu apige miguu. Lakini dawa ipo: mwalimu wa kike, saa ambazo ufuo hauna wanaume, suruali pana na gauni la magotini la kitambaa kisichonyonya maji. Sitara inabaki, na mtu anarudi hai.

Bamvua: Na tusiuze mwani mkavu peke yake. Sabuni inawezekana kijijini. Mwani uoshwe kwa maji baridi hadi mchanga uishe, ukaushwe, usagwe unga laini wa kutia kwenye sabuni. Kwa kilo 1 ya mafuta ya nazi, magadi ya sabuni (kostiki soda, si magadi ya kupikia) gramu 170 hadi 175, maji gramu 350 hivi. Magadi ndiyo yatiwe kwenye maji. Ukimimina maji juu ya magadi yanaruka usoni. Sabuni ikae wiki 4 kabla ya kuuzwa. Wanaokadiria magadi kwa kikombe badala ya mizani ndio sabuni yao inayochoma ngozi.

Mwalimu wa Chuoni: Mzani mdogo wa jikoni unatosha?

Bamvua: Unatosha, ukisoma gramu 1.

Kamba na Taitai: Sabuni nzuri, lakini wanunuzi wake wengi ni watalii, na haiwezi kumaliza tani zinazovunwa. Tani ndizo zenye kumlisha mkulima. Kikundi kinunue kamba zake chenyewe kwanza, hata kama ni mistari 50 kwa msimu, ili siku ya kupima kiwe na haki ya kumwita mnunuzi wa pili. Boti ya kina kirefu ije baada ya hapo, iandikwe kwa jina la kikundi, si la mume wa mwenyekiti.