Utabiri wa bondeni unatosha kupanda mlima wenye theluji?

Wakuu, utabiri unasema nyuzi 1 bondeni na hakuna mvua, nikipanda mita 1,000 juu si fresh tu?

— Fresh wapi mkuu, kila mita 1,000 toa nyuzi kama 6, ushafika hasi 5, halafu upepo ukipiga kilomita 50 kwa saa mwili unasikia kama hasi 15. Cheki utabiri wa kileleni.

— Mi naogopa zaidi theluji iliyosukumwa na upepo, inajazana upande uliokingwa, ukikanyaga inalia wumf na nyufa zinakimbia mbele ya buti, hapo geuza haraka. Kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45 ndo theluji inaporomoka sana.

— Na simu weka mfuko wa ndani, baridi inakula chaji balaa.