Mrejesho: Nguo za mtoto na tumbo la miezi minane

Niliuliza nitawezaje kumshonea binti yangu gauni na mdogo wake mtarajiwa nguo, ilhali miguu imevimba na kazini bado naenda. Asanteni! Aliyesema niachane na kanyagio nitumie cherehani ya mkono ameniokoa: naiweka mezani, miguu juu ya stuli. Kitambaa cha pamba nilinunua soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili, nikakiloweka kabla ya kukata. Kilirudi (kilipungua) karibu vidole viwili. Mishono ya vifulana nimeigeuzia nje isimkwaruze mtoto, na badala ya vifungo nimetia kamba ubavuni. Gauni bado linangoja lastiki ya kiunoni. Binti mwenyewe kashashona mwanasesere kwa vipande vilivyobaki, jicho moja kubwa kuliko jingine, na hataki lirekebishwe.