Msaada: IP (anwani ya mtandaoni) ya seva yetu ya imeli imeingia blaklisti, naitoa inarudi

mbao_mafinga:
Wakuu habari za leo. Nipo Mafinga, naangalia mambo ya kompyuta kwenye kampuni ya mbao, seva ya imeli tunayo hapa hapa ofisini. Wiki ya pili hii proforma tukituma kwa wateja zinarudi, ujumbe unasema 550, yaani imekataliwa, na chini yake kuna linki ya Spamhaus, wale wanaotunza listi za IP za spamu. Nimefungua naambiwa tupo kwenye listi yao moja inaitwa XBL, nikajaza fomu wakatutoa nikashukuru Mungu, keshokutwa yake tumo tena, na hii mara ya tatu. Foleni ya Postfix (programu yetu ya kutuma imeli) nimekagua haina spamu hata moja, SPF na DKIM za kuthibitisha imeli ni zetu kweli zipo, paswedi za watu wote nimebadilisha. Bosi kila saa yupo mlangoni. Nakosea wapi jamani?

njombe_baridi:
Badilisha IP tu mkuu, usijichoshe. Au lipia wakutoe chapchap.

fundi_uyole:
Usimsikilize huyo 😂 Spamhaus hawatozi hela kumtoa mtu, na IP mpya ni kuhama nyumba na kunguni wako.
Seva yako inaweza kuwa safi kabisa na bado ukaingia XBL, maana ile listi inahusu mashine zilizodukuliwa au zenye virusi, na wao wanachoona ni IP tu. Sasa niambie, wifi ya ofisi inatokea IP hiyo hiyo? Nani wanaitumia?

mbao_mafinga:
Ndio ni hiyo hiyo. Wanatumia wote, hadi madereva wa malori wakisubiri kupakia. Halafu nimeuliza listi yao kwa dig (amri ya kuuliza DNS, ile huduma ya kutafuta majina na anwani za mtandao) kupitia 8.8.8.8 nimepata 127.255.255.254, ndo nini?

fundi_uyole:
Hiyo sio kwamba umelistiwa, ni wao wanakataa kujibu DNS za umma kama hiyo ya Google. XBL huwa ni 127.0.0.4. Pima kwenye tovuti yao, inaonyesha hadi muda waliokuona mara ya mwisho.
Ingia kwenye rauta, funga poti 25 (mlango ambao seva za imeli hutumiana barua) ya kwenda nje kwa kila kifaa isipokuwa seva ya imeli, washa logi halafu ukalale. Wifi ya wageni itenge, ikiwezekana itokee IP nyingine. Fomu usiiguse kwanza.

mbao_mafinga:
Wakuu nimerudi. Logi ya usiku saa nane hadi kumi na moja, simu moja inagonga poti 25 mamia ya mara. Ya mlinzi! Aliweka app ya VPN ya bure aangalie mechi, kumbe simu yake ndo ilikuwa njia ya watu huko duniani kupitishia spamu zao. Hiyo VPN tumeifuta, nikajaza fomu Jumatatu, leo Ijumaa bado tupo safi na proforma zinafika.

njombe_baridi:
Hahaha mzee wa watu na baridi lote hilo

mbao_mafinga:
Ananidai bando sasa, anasema wifi nimemkatia mimi.