UDSM au UDOM kwa kozi za kompyuta: tusaidiane kulinganisha

Mwana_PCM
Wakuu, shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Nataka kusoma kompyuta na nimebaki na vyuo viwili vya serikali, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Nyumbani ni Tabora na Dar sina ndugu wa kunipokea. Kila ninayemuuliza anasifia alikosoma yeye. Naombeni tofauti zenyewe: kozi, malazi, maisha ya mwaka wa kwanza.

Kijito
Marahaba mdogo wangu. Nilisoma UDSM. Jambo ambalo wengi hawalijui mpaka waripoti ni kwamba Ndaki (kitivo kikubwa) ya TEHAMA haipo Mlimani, kampasi kuu, ipo Kijitonyama. Ukipangiwa chumba Mlimani au hosteli za Mabibo, vipindi unavifuata kwa daladala, na foleni za Dar unazisikia. Hosteli zilizofunguliwa 2017 zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, lakini vitanda bado havitoshi. Ndiyo maana utasikia habari za kubebana, wawili kitanda kimoja. Usiwe na hakika ya chumba mpaka uone jina lako limepangwa.

Faida kubwa ni mji wenyewe. Benki, kampuni za simu na kampuni changa za programu nyingi ziko Dar. Wakati wa kutafuta nafasi ya field (mafunzo kwa vitendo kazini) unapeleka barua kwa mkono asubuhi, jioni upo darasani. Kwa mtu wa kompyuta hilo ni jambo zito.

Binti_Chimwaga
Kijito kasema kweli, ila kwa kijana asiye na ndugu Dar mimi namwelekeza Dodoma bila kusita. UDOM ilianza 2007 kwa lengo la kufikia wanafunzi 40,000, ndiyo maana eneo ni kubwa na ndaki zimetawanyika, moja mbali na nyingine. Ndaki ya kompyuta ina mabweni yake karibu na madarasa, kwa hiyo nauli ya kila siku huna, na bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) linakaa zaidi mfukoni. Mwaka wa kwanza, ukiwa bado unapambana usipate sapu (mtihani wa marudio), utulivu huo ni msaada mkubwa. Mjini ni mbali kidogo na upepo una vumbi. Juni na Julai beba sweta. Halafu treni ya Tabora inakushusha Dodoma kabla ya kufika Dar. Field nayo ipo, maana wizara zimehamia huku.

Mzee_wa_Nkrumah
Msisahau jina. UDSM ilianza 1961 ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, ikawa chuo kikuu kamili cha taifa 1970. Maktaba mpya ya 2018 ni kubwa mno. Waliotoka pale wamejaa kila ofisi.

Kijito
Mzee wangu, heshima yako, lakini mwajiri wa programu anataka kuona kazi ulizokwisha kuandika. Dogo, soma jina la kozi neno kwa neno. Sayansi ya kompyuta ni miaka mitatu. Uhandisi wa kompyuta UDSM na uhandisi wa programu UDOM ni miaka minne. Mwaka huo mmoja unagusa ada, mkopo na umri wa kuanza kazi.

Mama_Wawili
Mwanangu, nyaraka zishughulikie sasa. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kuomba Bodi ya Mikopo, hapo ndipo wengi wanachelewa. Ukichaguliwa vyuo vyote viwili, unathibitisha kimoja tu ndani ya muda uliowekwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu).

Mwana_PCM
Asanteni sana. Je, nikianza Dodoma, naweza kuhamia Dar mwaka wa pili?

Binti_Chimwaga
Kuhama kupo, ila kunategemea nafasi na sifa za kozi unayoiendea, na mkopo nao lazima uhamishwe. Usiupange kama njia ya kuingia Dar. Omba vyote viwili dirisha la maombi likifunguliwa. Ukipata vyote na huna uhakika wa malazi Dar, thibitisha UDOM.

Kijito
Naunga mkono. Ila ukipata mtu wa kukaa naye jirani na Kijitonyama kabla ya kuthibitisha, rudi hapa tuhesabu upya.